Asiyepingwa Hapokewi

Asiyepingwa hapokewi. Ndivyo nilivyowajibu mlipoingia hapa na vicheko vyenu na fomu mkononi, mkaniambia, "Hongera, Bibi, hakuna mwingine aliyechukua fomu ya uenyekiti wa kitongoji, safari hii tena utapita bila kupingwa." Mkatazamana. Mmoja wenu akaniuliza kama maneno hayo ni ya kitabuni. Si ya kitabuni. Yana mwenyewe, na mwenyewe nilimjua, na siku aliyoyatamka nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kuona kola ya shati lake ilivyogeuzwa na kushonwa upya.

Kaeni. Na mkikaa msikae bure, tangawizi hiyo ina udongo, mtu achukue kisu akwangue. Fomu iwekeni pale mezani. Neno hili lina mzazi wake, nami nitawaambia lilivyozaliwa.

Kijiji chetu cha Vumeko mnakijua kilivyoegemea mlima. Lakini barabara hii mnayopita na pikipiki haikuwepo. Kulikuwa na njia moja ya kupandia kutoka tambarare, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine korongo, nyembamba kiasi kwamba wawili hawakupishana bila mmoja kujibanza. Na kwenye njia ile tulikuwa na adabu yetu. Ukimwona mtu mzima anapanda na mzigo kichwani, hukumuuliza kama anataka msaada. Ulisimama katikati ya njia ukampinga. Yeye anasema, "Nipishe, mwanangu." Wewe unasema, "Sipishi." Anasema, "Mzigo wenyewe mwepesi." Unasema, "Hata kama." Hapo anainama kidogo, unampokea, mnaendelea kupanda. Hakuna mtu mzima aliyekubali kwa neno la kwanza, ingekuwa aibu yake. Na hakuna kijana aliyekubali kuambiwa "nipishe", ingekuwa aibu ya mama yake. Kijana akijibanza ukutani ili mzee apite na kuni zake, habari zilifika nyumbani kwao kabla yake. "Umempisha mzee na mzigo?" Mtu aliulizwa hivyo mbele ya wenzake na siku hiyo hakula vizuri.

Ndivyo tulivyokuwa katika kila kitu. Sisi watu wa huku juu hatukubali jambo mara moja. Ukiletewa chai unasema umeshiba, huku tumbo linanguruma. Ukionyeshwa kiti unasema utasimama tu, hukai. Mwenye nyumba akikuamini, basi yeye ndiye hakulelewa. Tuliita kukataa kiungwana, na watoto tuliwafundisha kabla hawajajua kufunga vifungo. Adabu nzuri, siwaambii ilikuwa mbaya. Lakini ilikuwa na tundu, na hakuna aliyeliona mpaka mtu alipodondokea humo.

Mtu huyo alikuwa Mzee Elieskia Mgonja, mwenyekiti wa kijiji. Nyinyi mmeona jina lake kwenye ile saruji ya tangi la maji. Mimi nilikuwa jirani yake, nimeolewa karibuni, ua wangu na wake ukitenganishwa na mstari wa masale, mimea ya mpaka. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye magoti mabovu, na alijua kuamua ugomvi wa mpaka hata waliogombana wakaondoka wakipeana tumbaku. Mara ya kwanza alishindana na mtu na akamshinda. Mara ya pili hakuna aliyesimama dhidi yake. Mtendaji wa kijiji akatangaza, "Mzee Elieskia Mgonja amepita bila kupingwa," nasi wanawake tukapiga vigelegele. Vyangu wakati ule vilikuwa vinasikika ng'ambo ya korongo.

Siwafichi, hata yeye alifurahi. Nani asiyependa kuambiwa hana mwenzake? Mara ya tatu ikawa vivyo hivyo, na ya nne. Vyama vilikuwa vimeshakuwa vingi, lakini hata wale wa chama cha pili walisema hawawezi kumsimamishia mtu mzee kama yule, kesho wataonana wapi, na makaburi tunazikana yale yale? Ikawa desturi. Uchaguzi ukikaribia, watu walikuwa wakiuliza nani watakuwa wajumbe wa halmashauri ya kijiji. Kiti cha mwenyekiti hawakukiuliza.

Na uenyekiti wa kijiji, kwa asiyeujua, ni mzigo usio na ngata. Mtu akimpiga mkewe, mke anakimbilia kwa mwenyekiti. Mbuzi akila maharage ya mtu, mbuzi analetwa kwa mwenyekiti, na huyo mbuzi anakula maharage ya mwenyekiti. Mtoto wa mtu akitaka kwenda chuo, barua. Mgonjwa akitaka kubebwa kushuka hospitali, mwenyekiti ndiye anayetafuta wabebaji. Nilikuwa nikimwona asubuhi anatoka na kipande cha muhogo mkononi, na jioni anarudi nacho hakijaliwa.

Mkewe aliitwa Naetwe, lakini sote tulimwita Mama Niendiwe, kwa jina la binti yao wa pekee. Mwanamke mdogo wa umbo, mcheshi, mwenye kucheka kabla hajamaliza alichotaka kukuchekesha nacho. Kisha kifua kikaanza kumsumbua. Kila kipupwe kilipokuja na ukungu wake alikohoa, na kila mwaka kikohozi kilichelewa zaidi kuondoka. Mumewe akamshusha hospitali ya tambarare. Daktari akampima, akamwambia mzee waziwazi, "Dawa nitampa, lakini dawa yake hasa ni joto. Ukungu wa kule kwenu ndio unaommaliza. Mhamishie huku chini."

Niendiwe alikuwa ameolewa huko huko chini. Aliposikia maneno ya daktari, yeye na mumewe wakajenga kijumba cha vyumba viwili uani kwao, wakauelekeza mlango mawio ili mama akiamka akae kizingitini aote jua. Mama Niendiwe akaenda, akakaa mvua zote za masika, kikohozi kikakatika. Halafu siku moja namwona anapanda njia na kikapu chake.

Nikamwambia, "Mama, umerudi kufanya nini tena na huku ndiko kunakokuua?"

Akacheka. "Nilikuwa napona huku namsikia anakula viporo," akasema.

Ndivyo walivyokuwa wale. Wako watu wanaooana wakazoeana, na wako wanaooana wakawa kama mtu mmoja aliyegawiwa nguo mbili. Mzee hakuweza kuhamia tambarare akabaki mwenyekiti wa Vumeko, sheria inataka mwenyekiti awe mkazi. Naye mama hakutaka kukaa chini bila mzee. Basi wakawekeana ahadi, nami nikiwapo, nikichambua mboga kizingitini kwao. Mzee akasema, "Uchaguzi huu unaokuja sigombei. Siku mwenzangu atakapoapishwa, kesho yake tunashuka."

Mama Niendiwe hakutaka kusubiri kufunga mizigo. Alichukua kanga mbili, akafunga furushi: blanketi la sufu, sufuria, Biblia yao, picha ya harusi ya binti, na mbegu za maharage za kujaribu kama yataota kwenye joto. Akaliweka kando ya mlango. Kila aliyeingia alilikwepa kwa mguu, akauliza ni la nani. "Letu," alikuwa akijibu. "Linatusubiri."

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo tulipokosea.

Ulipoitishwa mkutano mkuu wa kijiji kabla ya uchaguzi, Mzee Elieskia alisimama akasema, "Ndugu zangu, nimewatumikia nilivyoweza. Safari hii sitagombea. Nawaomba mtafute mwingine."

Watu wakapiga makofi. Mnaona? Walipiga makofi kwa furaha, kwa jinsi alivyosema vizuri. Kulikuwa na mzee mmoja, Sempombe, mkubwa kuliko wote pale, ambaye kazi yake ilikuwa kutukumbusha adabu hata pale ambapo hatukuisahau. Akainuka na fimbo yake. "Mmemsikia muungwana," akasema. "Angesema 'nipeni', ningeshangaa. Sasa na sisi tumjibu kiungwana. Mzee, tunakuomba."

"Hapana," Mzee Elieskia akasema. "Sisemi kwa kuombwa. Nimechoka kweli. Na nyumbani nina mgonjwa."

"Hiyo ni hapana ya pili," Sempombe akasema, na watu wakacheka kwa mapenzi.

Nilimwangalia Mzee Elieskia. Angesema nini zaidi? Maneno yote ya kukataa aliyoyajua tulikuwa tumekwisha kuyatumia kwenye chai na viti. Alikuwa amekataa maisha yake yote bila kumaanisha, kama sisi sote, na siku alipomaanisha hakuwa na neno jingine. Akakaa chini, na kukaa kwake tukakuhesabu kuwa ndiyo.

Mtu mmoja tu alimwamini. Aliitwa Navoneiwa Mbwambo, mwanamke wa makamo, mweka hazina wa kikundi chetu cha akina mama, mfupi, mwenye mwendo wa haraka. Kesho yake alikuja nyumbani kwa mzee. Nilikuwa jikoni, nikimchemshia mama maji ya tangawizi.

"Mzee," Navoneiwa akasema, "nimekuja kukuuliza jambo, na ukiliona baya unifukuze. Yale ya jana, ni kweli hutaki?"

"Sitaki, mwanangu."

"Nikichukua fomu mimi, hutasema nimekuvunjia heshima?"

Mzee aliinuka kutoka kwenye kigoda chake, na kwa magoti yale kuinuka lilikuwa jambo. Akamshika mikono yote miwili. "Chukua," akasema. "Chukua leo. Nitakuombea kura mwenyewe nyumba kwa nyumba."

Mama Niendiwe aliniita nilete kikombe kingine. Alikunywa nasi, akacheka, akamwuliza Navoneiwa kama chini huko siku hizi unga unasagwa vizuri au bado una mchanga. Siku hiyo hakukohoa mbele yetu hata kidogo. Navoneiwa alipotoka alilikwepa furushi mlangoni, mama akamwambia, "Usiliogope, linaondoka karibuni."

Navoneiwa akachukua fomu. Habari zikapanda na kushuka mlima kabla ya jua kuzama, na asubuhi akaitwa kwa Sempombe. Alikuta wazee wamejaa uani. Haya alinisimulia mwenyewe baadaye, akilia.

"Tumesikia umechukua fomu," Sempombe akamwambia. "Unataka kumvua mzee wako nguo mbele ya kijiji?"

"Si kumvua, baba. Mwenyewe amenituma."

"Amekutuma au ulimwomba?"

"Nilimwuliza. Akasema nichukue."

"Ulitaka akujibu nini?" Sempombe akasema. "Ukiingia kwa muungwana ukamwomba shuka aliyojifunika, atakwambia hapana? Atakupa, atalala na baridi. Na wewe utaichukua?"

Na neno hilo lilikuwa kweli tupu kwa watu wa Vumeko. "Hapana" ya mzee tuliisema ni adabu, na "ndiyo" yake nayo tukaisema ni adabu. Hakubakiwa na mlango wa kutokea. Kaka yake Navoneiwa akamwambia akiendelea asimwite kaka tena. Mama mkwe wake akaweka ufunguo wa ghala pembeni, asiushike tena. Akairudisha fomu tupu, haijajazwa. Na kwa mzee hakurudi kumwambia, aliona haya. Alikuwa akipita njia ya juu, ya kuzunguka, asionane naye.

Siku ya mwisho ya kurudisha fomu, mchana, wazee wakaja kwa Mzee Elieskia, Sempombe mbele na fomu ikiwa imekunjwa ndani ya kofia. Mtendaji wa kijiji alifuata nyuma, kijana wa kuajiriwa, mgeni, anayetazama viatu vyake. Nilikuwa ndani nikimsugua mama mgongo kwa mafuta ya nazi.

"Mzee, tumekuja kukuomba mara ya tatu," Sempombe akasema. "Ya kwanza mkutanoni, ya pili mkutanoni, ya tatu nyumbani kwako. Zaidi ya hapo utakuwa unatutesa."

"Kuna Navoneiwa," mzee akasema. "Mpeni yeye."

"Navoneiwa amerudisha fomu tupu."

Mzee akauliza, "Amerudisha kwa nini?"

"Amejirudi," mmoja akasema. "Mtoto mwenye malezi."

Hapo mtendaji akazungumza, kwa upole, na alichosema kilikuwa kweli. Hakuna fomu nyingine iliyoingia. Mradi wa maji ulikuwa umefika mahali pa kutiwa sahihi, na wafadhili walitaka kijiji chenye mwenyekiti, la sivyo mabomba yangepelekwa kijiji kingine. Akina mama wangeendelea kushuka kisimani, na safari moja tu ilikula asubuhi nzima.

Mzee Elieskia akageuka kumtazama mkewe. Alikuwa ameketi kitandani, mlango wa chumba uko wazi, anawaona wote.

"Niambie wewe," mzee akamwambia.

Mama Niendiwe aliinuka, akaja mpaka mlangoni, akapiga magoti kwenye furushi lake, akalifungua fundo. Akatoa blanketi la sufu, akajifunika mabegani. Kisha akalifunga tena lile lililobaki, akalisogeza nyuma ya mlango lisiwaumize watu miguu.

"Baridi imeanza," akasema. "Tia sahihi, Baba Niendiwe, wageni wana njia ndefu."

Akatia. Mkono wake ulikuwa mzuri wa kuandika, lakini siku hiyo alilikosea jina lake mwenyewe, akalikata, akaliandika upya.

Mtendaji akatangaza: Mzee Elieskia Mgonja amepita bila kupingwa. Tulimbeba juu, tukaimba mpaka uwanja wa shule. Watoto walikimbia mbele. Nakumbuka nilitazama juu nikamwona alivyoshika mabega ya waliombeba, uso wake umenyooka kama wa mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nikafikiri ni unyenyekevu.

Mabomba yakaja, hilo lazima lisemwe. Mzee alishinda na mafundi mlimani, kutwa, kwa magoti yale. Na mwaka uliofuata kipupwe kikaja mapema. Ukungu uliingia mpaka ndani ya nyumba, moto wa kuni ukawa unatoa moshi tu. Niendiwe akapanda kutoka tambarare kumchukua mama yake. Mama akasema atangojea kidogo, baba anakaribia kumaliza mradi, washuke pamoja. Niendiwe akalia, akashuka peke yake kutafuta gari la kuja mpaka mwisho wa njia.

Asubuhi aliyofariki Mama Niendiwe, mzee alikuwa kitongoji cha juu kabisa. Ndugu wawili, watoto wa Sempombe, walishikiana mapanga juu ya mpaka wa shamba la tangawizi, na walisema hawatamsikiliza mtu isipokuwa mwenyekiti. Mama alimwambia nenda, wasije wakauana. Akaenda. Nilikaa naye mimi. Nilimwinua, nikamwegemeza kifuani pangu apate pumzi. Alipoona natafuta mtu wa kutuma akanishika mkono.

"Usimwitishe mbio," akasema. "Magoti yale yakiteremka kwa haraka yatamwangusha."

Hayo ndiyo aliyoyasema mwisho. Aliyekuwa anakufa alikuwa anamhurumia aliye mzima. Mpaka leo nikiona ukungu umeshuka namkumbuka, na machozi yananitoka na wala sijali nani ananiona.

Mzee alirudi adhuhuri, ameshaamua ugomvi, wale ndugu wamepeana mikono. Alitukuta tumemnyoosha. Hakupiga kelele. Alikaa kitandani kando ya miguu ya mkewe, akaishika, akawa anaisugua kama mtu anayetaka kuipasha moto. Tulimwacha mpaka Niendiwe alipofika.

Tulimzika. Kijiji kizima kilikuwepo, na cha jirani. Mchungaji alipomaliza, mtendaji akasema familia itoe neno la shukrani. Kila mtu alitegemea kaka wa marehemu azungumze, lakini Mzee Elieskia akasogea mbele mwenyewe. Ndipo nilipokuwa nimesimama karibu naye, nikaiona kola ile, maana Mama Niendiwe ndiye aliyeigeuza na kuishona.

Akawashukuru watu kwa kuja, kwa maji, kwa kuni, kwa kuchimba. Akafika mahali ambapo mtu huwa anasema "asanteni sana" akakaa. Hakukaa.

"Nina jambo nataka kuwauliza," akasema. "Si kwa hasira. Nikipanda njia na mzigo wa kuni, nyinyi mnafanya nini?"

Akamtafuta mtu kwa macho.

"Sempombe, nakuuliza wewe, mkubwa wetu."

"Tunakupinga," Sempombe akasema taratibu. "Tunakupokea."

"Na nikisema nipishe?"

"Hatupishi."

"Hampishi," mzee akasema. "Kuni tu, za kuchemshia maji, hamnipishi nazo. Na hiki kiti nilichokaa nacho miaka yote hii, nikawaambia kimenilemea, mkajibanza ukutani wote. Mlinipisha. Mkapiga na makofi. Nilipita bila kupingwa mpaka nimefika hapa." Akaangalia udongo mbichi. "Mlidhani mnaniheshimu, nami sikujua kuwaambia. Najua sasa. Asiyepingwa hapokewi."

Ndipo neno lilipozaliwa, pale makaburini, mbele yetu sote. Sempombe alikuwa ameiegemea fimbo yake kwa mikono miwili. Navoneiwa alikuwa nyuma kabisa, amejifunika kanga uso mzima.

Matanga yalipokwisha, mzee aliandika barua ya kujiuzulu, na safari hii hakuna aliyekwenda kumbembeleza. Asubuhi moja nikamwona anatoka. Alikuwa amelichukua furushi la nyuma ya mlango, lile lile, na blanketi amelirudisha ndani, akalitwika kichwani. Nikamfuata kwa mbali. Watu wakatoka majumbani, na kwa haya waliyokuwa nayo hawakujua wafanye nini. Wakasimama pembeni tu, na yeye anapita.

Njia inapoanza kushuka, pale penye mwamba, Navoneiwa alikuwa amesimama katikati.

"Nipishe, mwanangu," mzee akasema.

"Sipishi," Navoneiwa akasema.

"Mzigo wenyewe mwepesi."

"Hata kama."

Mzee hakuinama. Alisimama na furushi lake, akamtazama bila ubaya.

"Huu ni mwepesi kweli, Navoneiwa," akasema. "Mzito ulikuwa ule. Huu nitaubeba mwenyewe."

Navoneiwa alimtazama usoni. Ile ilikuwa "hapana", na haikuwa na adabu yoyote ndani yake, ilikuwa hapana ya mtu anayesema anachotaka. Akaielewa. Akajibanza ukutani, akampisha. Sote tuliona, na hakuna aliyemuuliza siku ile wala baadaye kwa nini amempisha mzee na mzigo.

Hakupanda tena. Niendiwe alituambia kwamba kila asubuhi alikuwa akikaa kwenye kizingiti kile kinachoelekea mawio, upande mmoja tu, akiacha nafasi. Maharage aliyapanda. Yaliota, lakini joto liliyaunguza kabla hayajatoa maua. Uchaguzi wa kujaza nafasi yake ulipofanyika, watu wanne walichukua fomu, Navoneiwa mmoja wao. Hakushinda. Alimshika mkono aliyemshinda, wakala pamoja mahindi ya kuchoma, na hakuna aliyevuliwa nguo. Sempombe alipiga kura yake mwisho wa mstari, akatoka bila kumsemesha mtu.

Sasa nyinyi. Mmeacha kukwangua tangawizi zamani, nimewaona. Mmeniletea fomu kwa mapenzi, najua, na mtu akipendwa asitukane. Mimi ni mzee, macho yananidanganya, na mwaka huu nataka kwenda kukaa na dada yangu kabla mmoja wetu hajamzika mwenzake. Nimesema sitaki. Mkitoka hapa mtu asiseme Bibi amekataa kiungwana. Nimekataa kama mtu anayekataa.

Ile fomu bado iko mezani, sijaitia sahihi, na ofisi ya mtendaji itafungwa kesho jioni. Wewe uliyeniuliza kama maneno yale ni ya kitabuni, una umri wa kutosha na miguu mizuri. Kama mnanipenda, simameni njiani. Msinipishe. Asiyepingwa hapokewi.